Ukurasa Mmoja na Robo

Kitabu alikuja nacho mwalimu Khatib kutoka Unguja,
kimefungwa gazeti kama samaki wa jana.
Humu, alisema, mmo sisi.
Imo Wete. Ukurasa mmoja na robo.

Baada ya isha tukakusanyika kwa Asaa fundi cherehani.
Khatib akasoma Kizungu, akatufasiria mstari kwa mstari,
akipunguza sukari pale ilipozidi,
akimeza mate pale palipouma.

“Mji umelala,” kasema mgeni.
“Milango imefungwa, njia tupu, paka wawili,
watu wapole wasiojua haraka wala saa.”

Bi Mize alikuwa akichambua karafuu kwenye ungo.
Hakuinua uso. “Alikuja lini, huyo?”
Khatib akafunua nyuma, akarudi mbele.
Mwezi wa tisa. Saa saba mchana.

Ebo! Mwezi wa tisa, karafuu zimewiva,
nani abaki mjini?
Tulikuwa juu, bwana, juu ya mikarafuu ya Kangagani,
pakacha kiunoni, vidole vinanuka hadi usingizini,
tunahesabu pishi kichwani na deni la dukani kwa Hamad.
Mji haukulala. Mji ulipanda.
Hao paka aliowaona ndio walioachwa zamu.

Tukacheka hata Asaa akakanyaga pedali bila kukusudia,
sindano ikatoboa mkono wa kanzu ya mtu.

Yalikuwamo mengine. Kwamba tunaishi na mapepo.
Hilo halina haja ya kutoka ng’ambo:
nilipokwenda kusoma Tanga, mwenzangu wa chumbani
alihamisha kitanda aliposikia natoka Pemba.
Wiki ya tatu akaja na kinong’ono, ataka dawa ya mtihani.
Nikampa kitabu cha hesabu. Akafaulu,
na mpaka leo, nasikia, anawahadithia watu:
Wapemba wale, usicheze nao.

Na mie je? Siku nne tu Tanga, nikamwandikia mama:
“Watu wa huku hawana salamu.”
Siku nne. Hata robo ya ukurasa haikufika.

Kisha Khatib akafika chini, sauti ikapungua.
“Usiku mvua ilinyesha. Wodi ya wazazi paa linavuja.
Mwanamke aliyetoka kujifungua
amefunikwa mwavuli na mama yake.”

Hapo hakucheka mtu.
Uongo wake tuliupiga chenga kama mpira wa makaratasi;
huu ukweli mmoja ulitua katikati yetu, ukakaa.
Mmoja akasema, kwani kwao hakuvuji?
Mwengine: mambo ya ndani, yamhusu nini?
Mpemba hakimbii mvua ndogo, wamesema wazee;
lakini mtoto wa saa moja,
hata miguu ya kukimbilia hana.

Nikakumbuka mwaka waliokuja wafadhili:
tulipaka chokaa ukuta unaotazama barabara,
ule tu,
tukapanga makopo ya maua, tukaimba,
bendera mpya, imepigwa pasi.
Sitadanganya. Siku ile nilitokwa machozi
na yalikuwa ya kweli.

Bi Mize akaweka ungo chini.
“Mwavuli ulikuwa wangu,” akasema.
“Mweusi, wa mpini wa mti. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita.
Jina lake hakuliandika?”
“Hakuliandika.”
“Basi liandikwe.”

Asaa akatoa penseli sikioni, akaandika pembeni, taratibu,
kama anayechukua kipimo cha bega:
*Saa saba, msimu wa karafuu. Tulikuwa juu.*
Chini yake: *Anaitwa Riziki.*

Mstari wa paa hakuufuta.
Alikunja pembe ya ukurasa pale,
akauliza, bila kumtazama yeyote,
vuli mwaka huu inaingia lini.